Nywele za watu wa Kolo kwenye runinga ya mapokezi: uchambuzi wa kisa cha picha zilizofifia

Nyumba moja ya wageni mjini Kondoa iliweka runinga ya inchi 43 mapokezini ili wasafiri wa barabara ya Dodoma kwenda Babati waione michoro ya kale ya miambani ya Kolo kabla hawajaamua kama wapande mlima au wapitilize. Wazo zuri kabisa. Mpiga picha aliyetumwa alikuwa anaijua kazi: kamera ya megapikseli 24, stendi ya miguu mitatu, asubuhi kabla jua halijaupiga mwamba. Ukizifungua picha zake kwenye kompyuta, unahesabu uzi mmoja mmoja wa nywele za wale watu warefu wekundu. Kwenye runinga nywele hazikuwepo. Kulikuwa na vichwa vyenye ukungu wa kahawia, na miguu ya twiga ilikuwa imemezwa na jiwe.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alinipigia simu nikiwa Dodoma. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, aliuliza moja kwa moja: "Mwanangu, kibovu hapa ni runinga au ni picha?" Uchambuzi huu ndio jibu nililompa, na halikuwa jibu la neno moja. Picha ilikuwa nzima na runinga ilikuwa nzima. Ukali ulipotelea njiani, kidogo hapa na kidogo pale, na kila aliyeishika ile faili alidhani kafanya jambo dogo lisilo na madhara.

Picha zenyewe ni za nini

Lazima niseme kidogo kuhusu Kolo, kwa sababu aina ya mchoro ndiyo iliyoamua kila hatua iliyofuata. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ipo kwenye vibanda vya asili vya mawe, yaani miamba iliyoinama kama paa, kando ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono, mstari kwa mstari. Kuna makundi makubwa mawili ya michoro. Myekundu ni ya zamani zaidi, hunasibishwa na wawindaji, na mingi ina mistari myembamba ajabu: wanyama kama twiga na pofu, watu waliorefushwa, na vichwa vyenye nywele zilizochorwa kwa nyuzi nyuzi. Myeupe ilikuja baadaye, minene, mingi ikipakwa kwa kidole, na mahali pengine imepita juu ya myekundu.

Sasa fikiria uso wa jiwe la itale. Una chembe chembe, nyeusi na nyeupe na za pinki, na chembe moja inakaribia unene wa uzi mmoja wa nywele. Rangi nyekundu imefifia kwa karne nyingi, hivyo tofauti kati ya mstari na jiwe ni ndogo. Hapa mistari na chembe za mwamba vinagombea pikseli zile zile, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Picha ya bibi harusi inaweza kuvumilia uzembe mwingi, kwa kuwa macho na tabasamu ni vitu vikubwa. Picha ya Kolo haivumilii hata mmoja.

Njia iliyopitiwa na faili

Nilianza kwa kuuliza, si kwa kufungua programu. Picha zilitoka kwenye kamera zikiwa na pikseli 6000 kwa 4000. Mpiga picha akazituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na WhatsApp hupunguza na kubana upya kila picha inayotumwa hivyo. Kijana wa mapokezi akazipokea, akazipunguza tena kwa programu ya simu ili ziingie haraka kwenye flashi. Flashi ikachomekwa kwenye runinga, nayo runinga ikazikuza ili zijae kioo. Yaani picha imepunguzwa mara mbili, imebanwa mara mbili, kisha ikakuzwa.

Hatua hizi hazirudi nyuma. Kilichotupwa mwanzo hakiokotwi mwisho, na kunoa picha iliyokwishapoteza mistari yake ni kunoa ukungu. Kwa hiyo sharti la kwanza nililotoa lilikuwa kupata faili za kamera zenyewe. Mpiga picha alizituma tena kwa WhatsApp hiyo hiyo, ila safari hii kama dokumenti. Dokumenti inafika kama ilivyotoka. Ningetamani kila mpiga picha na kila mteja wa Tanzania wajue jambo hili moja, hata kama hawatasoma mengine yote niliyoandika hapa.

Kupunguza ni kuchora upya

Watu wengi huona kupunguza picha ni kama kuikunja shuka: ndogo zaidi, lakini ile ile. Sivyo. Programu inatengeneza pikseli mpya kabisa, na kwa kila moja inaamua iwe na rangi gani.

Chukua hesabu ya runinga ile. Kioo chake kina pikseli 1920 kwa 1080. Picha ya 6000 kwa 4000 ukiikata ifuate umbo la kioo inabaki 6000 kwa 3375, na pikseli moja ya runinga inabidi isimame badala ya karibu pikseli 10 za kamera. Uzi wa nywele wenye upana wa pikseli 2 unatakiwa uwe na upana wa 0.64. Hakuna pikseli ya 0.64. Kinachotokea ni kwamba pikseli nzima inachukua mchanganyiko, wekundu kiasi na jiwe kiasi. Wekundu wenyewe tayari ni hafifu, na mchanganyiko huo ndio ule ukungu wa kahawia aliouona mzee.

Programu duni haichanganyi hata hivyo. Inaruka: inachukua pikseli moja kila baada ya kadhaa na kuziacha nyingine. Matokeo yake picha inaonekana kali kwa sekunde ya kwanza, halafu unagundua mstari umekatika katika na jiwe linametameta kama limemwagiwa chumvi. Kuna kanuni ya Nyquist na Shannon inayoweka mpaka hapa: kioo chenye pikseli 1920 kwa upana kinaweza kubeba jozi 960 tu za giza na mwanga. Chochote kilicho laini kuliko hapo kisipoondolewa kwa utaratibu kabla ya kupunguza, hurudi kikiwa kimevaa sura ya uongo. Kwenye fungu lile lile kulikuwa na picha ya nyumba yenyewe, na bati la paa lilionyesha mawimbi makubwa ambayo hayapo. Hiyo ndiyo sura ya uongo ninayoisema. Kwenye bati unaitambua mara moja. Kwenye mwamba wa itale huitambui, na hapo ndipo hatari ilipo.

Njia zinazofaa ni zile zinazopima pikseli nyingi za jirani kwa uzito tofauti. Inayoitwa bicubic ni ya wastani na salama. Lanczos huacha mistari ikiwa mikali zaidi, lakini kwenye ukingo wenye tofauti kubwa, mfano mwamba mweusi na anga jeupe, huacha mstari mwembamba wa mwanga ambao haukuwepo. Ndani ya kibanda cha mawe hakuna anga, kwa hiyo nilitumia Lanczos bila wasiwasi. Picha za nje, zenye kilele cha mlima dhidi ya mawingu, nilizipitisha kwenye bicubic.

Lakini uamuzi uliosaidia kuliko njia yoyote ya hesabu ulikuwa wa kukata. Ukuta mzima wa Kolo hauwezi kuonyesha nywele kwenye pikseli 1920, hata ufanye nini. Nilimweleza mzee hivyo wazi. Tukakubaliana picha moja ionyeshe ukuta mzima, mtu ajue kibanda kinafananaje, na picha zinazofuata zichukue kikundi kimoja kimoja. Kipande cha 3840 kwa 2160 kikikatwa kutoka kwenye picha ya kamera kinapungua nusu kwa nusu, mbili kuwa moja, na ule uzi wa pikseli 2 unapata pikseli yake moja. Nywele zikarudi kabla sijagusa kitufe chochote cha kunoa.

Myekundu na myeupe havitaki kitu kimoja

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Namba zilizomo kwenye faili ya kawaida ya picha hazipimi nuru moja kwa moja. Mfumo wa sRGB, ambao karibu skrini zote huufuata, umezipinda namba hizo ziendane na jicho. Namba 128, ambayo ni katikati ya 0 na 255, ni takriban asilimia 22 tu ya nuru kamili. Programu ikizichanganya namba kama zilivyo, mchanganyiko wa nyeupe na nyeusi nusu kwa nusu unatoka 128. Ukichanganya nuru yenyewe, kama jicho linavyochanganya ukisimama mbali, unatakiwa upate 188. Ndiyo maana vitu vidogo vyeupe kwenye giza hufifia picha inapopunguzwa kwa njia ya kawaida.

Je, Kolo inahusika? Nilichukua vipimo kwenye picha zenyewe. Mstari mwekundu ulikuwa karibu na 90 na jiwe la pembeni 170. Ukichanganya kawaida unapata 130. Ukichanganya nuru unapata 137. Tofauti ndogo, na inaegemea upande mbaya: njia ya nuru inaufanya mstari mwekundu uwe hafifu zaidi. Kwa michoro myekundu nikabaki na njia ya kawaida. Kwenye kona yenye giza, ambako weupe umebanduka na kubaki madoa madoa, doa lilikuwa 220 na kivuli 60. Kawaida inatoa 140, nuru inatoa 166. Hiyo ni tofauti inayoonekana kwa macho kutoka upande wa pili wa chumba. Picha za weupe nikazipitisha kwenye ImageMagick, programu ya bure, kwa amri hii:

magick ukuta.tif -colorspace RGB -filter Lanczos -resize 1920x1080 -colorspace sRGB ukuta-tv.png

Sehemu ya RGB inazinyoosha namba ziwe nuru, picha inapunguzwa, kisha sRGB inazirudisha kwenye mpindo wake. Kwa hiyo anayekuambia njia moja ndiyo sahihi kwa picha zote, muulize kwanza picha ina nini ndani yake.

Kunoa bila kuongeza rangi

Hata ukipunguza vizuri, picha hupoa kidogo. Kunoa ni halali, ila kuna wakati wake: mwisho kabisa, picha ikiwa imeshafika ukubwa wake wa mwisho. Ukinoa faili kubwa kisha ukaipunguza, kazi yote inafutwa na kule kuchanganya pikseli nilikokueleza.

Chombo kikuu cha kunoa kilizaliwa kwenye chumba cha giza enzi za filamu. Programu inatengeneza nakala yenye ukungu, inailinganisha na picha, na ile tofauti inaiongeza kwenye picha. Upande wa giza wa ukingo unakuwa giza zaidi, upande wa mwanga unang'aa zaidi, na jicho linasema "kali". Kila kitu kinategemea rediasi, yaani athari hiyo itandae umbali gani kutoka kwenye ukingo. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, hukifungua chombo hiki (Unsharp Mask) kikiwa na rediasi ya 3. Kwa picha ya skrini hiyo ni kubwa mno. Nilishuka hadi 0.5, na kiasi cha 0.6.

Kwa nini nakazania hapa? Kijana wa mapokezi alikuwa amejaribu kuiokoa picha moja kwa kuvuta kitufe cha kunoa hadi mwisho. Kila mstari mwekundu ulipata ukanda mweupe pembeni, kulia na kushoto, pikseli tatu hivi. Kwa picha ya gari ungeona ni ubaya tu wa sura. Kwenye mwamba wa Kondoa, ambako kweli kuna rangi nyeupe iliyopita juu ya nyekundu, ukanda ule ni habari ya uongo. Mgeni anaitazama na kuondoka akiamini kwamba mchoraji alizungushia watu wake chokaa. Mwanafunzi anaweza kuinakili hivyo kwenye daftari lake. Mchoro wa watu hauongezwi rangi, na haijalishi aliyeongeza ni mtu mwenye brashi au programu yenye kitufe. Nilimwonyesha kijana picha mbili sambamba, zote kwa asilimia 100, pikseli ya picha kwa pikseli ya kioo, kwa kuwa ukiitazama picha kwa asilimia 33 au 67 kompyuta nayo inaipunguza kwa namna yake na unachohukumu si faili yako. Aliuona ukanda ule papo hapo.

Tatizo lililobaki lilikuwa chembe za itale. Kunoa hakujui kuchagua. Hunoa nywele na hunoa mchanga. Nilifungua tabaka jipya, nikanoa hilo tabaka, kisha nikalificha lote na kulifunua kwa brashi laini juu ya michoro peke yake. Ni kazi ya polepole. Inastahili, kwa sababu jiwe likitulia mchoro unasogea mbele wenyewe bila kuongezewa chochote.

Wekundu na JPEG

Picha za flashi nilizihifadhi kama JPEG, na hapo kuna mtego mmoja mahususi kwa rangi nyekundu. Ili faili iwe ndogo, JPEG mara nyingi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi inagawanywa: mraba wa pikseli nne unapewa rangi moja ya pamoja. Mstari mwekundu wa pikseli moja unalazimika kugawana wekundu wake na jiwe, nao unatoka kahawia. Kwenye dirisha la kuhifadhi la GIMP, chini ya chaguo za ziada, kuna sehemu ya kuchagua 4:4:4, na hapo kila pikseli inabaki na rangi yake. Ubora niliuweka 90. Faili zinakua kiasi, lakini flashi ina nafasi ya kutosha.

Runinga nayo ina mambo yake

Picha zilikuwa tayari, na bado sikuziamini mpaka nimeijua runinga. Nilitengeneza picha ya majaribio ya 1920 kwa 1080: fremu nyekundu ya pikseli moja kwenye ukingo kabisa, na katikati mistari myeusi na myeupe ya pikseli moja moja. Kioo kinachoonyesha pikseli kwa pikseli kitaonyesha fremu yote na mistari iliyosimama safi. Kioo kinachokuza au kupunguza kitakupa mawimbi ya kijivu.

Kwa flashi tulipata mawimbi. Kionyeshi cha picha cha runinga ile kilikuwa kinazichora upya kwa ukubwa wake chenyewe. Tukaunganisha kompyuta ya mapokezi kwa waya wa HDMI. Mawimbi yalibaki, na fremu nyekundu haikuonekana upande wowote. Hapo sababu ikajianika. Runinga nyingi bado zina tabia ya zamani ya kuikuza picha kidogo ili kingo zijifiche nje ya kioo. Asilimia chache tu za kukuza zinatosha kuharibu kila pikseli uliyoihangaikia. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha kuna chaguo la kuzuia hilo, na jina lake hutegemea mtengenezaji: Just Scan, Screen Fit au 1:1. Tulipolichagua, fremu ikatokea pande zote nne na mistari ikasimama.

Halafu tukashusha kitufe cha ukali cha runinga yenyewe. Kilikuwa juu, na kilikuwa kinarudisha ule ukanda mweupe niliokwisha kuuondoa kwa jasho. Kwenye runinga nyingi sehemu isiyoongeza kitu ipo sifuri au karibu na hapo. Mzee aliona picha "imepoa" kwa dakika chache za kwanza, macho yakiwa yamezoea makali ya bandia. Kisha alisogea karibu, akavaa miwani, akaanza kuhesabu nyuzi za nywele kwa kidole.

Wageni wa simu

Nyumba ilitaka pia picha za kuwatumia wageni kwenye simu. Hizi nilizitengeneza upya kutoka faili za kamera, sio kutoka zile za runinga, kwa sababu ni kioo kingine na ukubwa mwingine. Nilikata karibu zaidi, mtu mmoja au mnyama mmoja kwa picha, nikapunguza na kunoa kwa mkono mwepesi zaidi, maana picha itabanwa tena ikitumwa na kunoa kupita kiasi huipa JPEG uchafu wa kushikilia. Swali la 72 DPI liliulizwa, kama linavyoulizwa daima. Namba hiyo haiongezi wala kupunguza pikseli hata moja kwenye skrini. Inaiambia mashine ya kuchapa ipange pikseli kwa msongamano gani kwenye karatasi. Iache ilivyo.

Faili za kamera sasa zipo kwenye diski mbili, moja Kondoa na nyingine Dodoma, bila kukatwa wala kunolewa. Mzee anazungumzia runinga ya 4K siku zijazo. Kioo hicho kina pikseli 3840 kwa 2160, ukubwa ule ule wa vipande nilivyokata, kwa hiyo vipande hivyo vitaingia bila kupunguzwa kabisa, na kazi itakayobaki ni kuvinoa kidogo na kuipima runinga mpya kwa ile fremu nyekundu.